Chagua Mwenyewe

"Mjomba, niweke Mlimani, IFM au Mzumbe?" Mpwa wangu anataka kazi ya fedha, na dirisha la maombi lilibaki siku mbili kufungwa.

Swali hilo nalijua. Baba alitaka niwe mtu wa benki. Nikajaza uandishi wa habari kwa siri. Mwaka mzima hakuniuliza nasoma nini.

Basi sikumjibu. Tukaacha majina ya shahada, tukasoma orodha za masomo: takwimu zipo? Uhasibu kiasi gani? Mafunzo kwa vitendo je? Kwenye mitihani ya CPA, mwenye shahada ya uhasibu huanzia mbele kuliko asiyekuwa nayo; hilo si jambo dogo. IFM, chuo cha tangu 1972, kipo katikati ya jiji, jirani na mabenki, tena Mtaa wa Shaaban Robert. Nikatabasamu peke yangu. Mzumbe ni Morogoro.

"Mama anataka nisiende mbali."

"Na wewe?"

Kimya. "Mimi napenda hesabu, Mjomba. Benki yenyewe siijui."

Lilikuwa jibu la kweli kuliko lolote nililowahi kumpa baba. Nikamrudishia simu, nikatoka nje ili abonyeze mwenyewe.