Megabaiti 41 za Mwalimu

Najua nimepotea sana humu ndani, wengine mmeniuliza kantini kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kulikuwa na TP, zikaja asaimenti, zikaja UE, si mnajua maisha ya chuo. Leo nimetulia, hosteli wengi wameshaondoka, nikasema ngoja niwasimulie jambo moja lililonitia aibu na likanifundisha kuliko koozi nzima ya mbinu za kufundishia.

Mwaka jana mwezi wa saba nilipangiwa TP shule moja ya kata mkoani Dodoma. Nafundisha Baiolojia na Jiografia. Kidato cha tatu walikuwa wengi na vitabu vya kuhesabika, benchi zima linachungulia kitabu kimoja. Nikiandika ubaoni, nusu ya kipindi inaishia kwenye kunakili. Nikapata wazo, na mimi nikipata wazo hamnishiki. Nikawaambia wanafunzi wangu pale paredi siku ya mwisho: msiwe na wasiwasi, madam anafungua tovuti, notsi zote za marudio mtazikuta humo, likizo ya Desemba mtasoma kwenye simu za nyumbani. Wakapiga makofi. Nikajiona Nyerere.

Nikarudi chuo, bumu lilipotoka nikalipia jina la tovuti na nafasi kwenye seva. Kijana mmoja wa hosteli ya pili akanisimikia WordPress, jioni moja tu kazi ikaisha. Mimi nikachukua daftari langu la notsi, nikapiga picha kila ukurasa kwa simu, nikapandisha zote. Picha 11 kwenye mada ya mmeng'enyo wa chakula peke yake. Nikaweka na picha zinazojibadilisha pale juu, na maandishi ya mwandiko wa kurembua. Nikifungua kwa Wi-Fi ya chuo, ilikuwa inapendeza jamani! Nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Januari mwaka huu ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Nainukuu kama nilivyoisoma, maana bado ninayo: "Shikamoo madam. Nilijaribu kufungua notsi bando la kaka likaisha kabla picha hazijatokea. Kaka amesema naangalia mambo yangu, amenikataza simu. Na nikikutafuta google hupo."

Nilikaa kitandani kama dakika kumi nimeishika ile simu. Huyu ni binti ambaye darasani alikuwa anakaa mbele na kuuliza maswali mpaka nakosa majibu. Sasa yuko kidato cha nne, Novemba mtihani wa taifa. Na sababu ya kunyang'anywa simu ni mimi. Si mtandao, si kaka yake. Mimi na picha zangu.

Kesho yake nikamfuata rafiki yangu anayesoma mambo ya kompyuta, nikamkuta kwenye kimbweta anakula mihogo. Nikamsimulia. Hakucheka. Akasema, "Mwalimu, zima Wi-Fi, washa data yako mwenyewe, fungua tovuti yako." Nikafanya. Tukasubiri. Akamaliza muhogo wa kwanza. Akamaliza wa pili. Picha ya kwanza ikawa inashuka taratibu kama pazia. Mwanzoni mwa Januari bando langu lenyewe lilikuwa la kuungaunga, likakata. Akaniangalia tu.

Basi bwana, akafungua laptopu yake tukapima. Ule ukurasa mmoja ulikuwa na uzito wa megabaiti 41. Akaniambia nipige hesabu mwenyewe. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabaiti 41 ni megabiti 328. Mtandao wa kijijini ukikupa megabiti 1 kwa sekunde, hizo ni sekunde 328, yaani zaidi ya dakika tano, na hapo usikatike hata mara moja. Google wenyewe wanataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Mimi nilikuwa nimempa mtoto wa watu dakika tano na bili juu.

Uzito ulitoka wapi? Simu yangu inapiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, hizo ni pikseli milioni 12. Skrini ya simu ya bei nafuu ina upana wa pikseli kama 720. Ukiipunguza ile picha itoshe hapo unapata pikseli zisizofika laki nne, zaidi ya mara 30 pungufu. Maana yake simu ya kaka ilikuwa inalipia pikseli milioni 12, halafu inatupa karibu zote kwa sababu haina pa kuziweka. Ni kama kumtuma mtoto dukani akalete gunia la chumvi, ukatumia kijiko, ukamwaga zilizobaki.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa lingine. Yale yalikuwa maneno! Maneno niliyoyapiga picha. Herufi moja ya kawaida kwenye kompyuta ni baiti moja, kwa hiyo notsi za herufi 10,000 ni kama kilobaiti 10 tu. Nilikuwa nimebeba kilobaiti 10 ndani ya lori la megabaiti 41. Na picha ya maneno, mtu hawezi kuitafutia neno ndani yake, na injini ya utafutaji nayo inaisoma kwa shida kuliko maandishi ya kawaida.

Nikaanza upya. Siku mbili mchana na usiku nilichapa zile notsi kwa mkono, neno kwa neno. Mwenzangu wa chumbani akawa ananiimbia wimbo wa msiba. Michoro mitatu tu ndiyo niliyoibakiza kama picha. Nikaichora upya, nikaipunguza upana, nikaihifadhi kwa WebP, aina ya faili ambayo Google waliitoa 2010 na sasa brauza karibu zote zinaielewa. Kila mchoro ukashuka chini ya kilobaiti 60. Kila picha nikaiandikia upana na urefu wake kwenye kodi, ili brauza iitengee nafasi mapema. Bila hivyo maandishi yanaruka picha inapofika, unataka kubonyeza hiki unajikuta umebonyeza kile. Michoro ya chini nikaiwekea agizo kwamba isishushwe mpaka msomaji akaribie kuifikia. Asiyefika chini halipii cha chini.

Zile picha zinazojibadilisha, nikafuta. Mwandiko wa kurembua, nikafuta, maana nao ni faili linalosafiri. Plagini tisa nisizozijua kazi yake, nikafuta. Iliniuma kidogo, nisiwadanganye.

Kisha akanieleza habari ya kashe. WordPress kwa kawaida huutengeneza ukurasa upya kila mtu anapoufungua, inaenda kwenye hifadhidata, inakusanya vipande, inapanga, ndiyo inakupa. Ni kama chipsi za kantini, kila mteja akifika ndipo viazi vinaingia kwenye mafuta, na foleni mnaijua. Kashe ni wali ulioko kwenye hotpoti, umeshaiva, ukifika unapakuliwa. Notsi zangu hazibadiliki kila saa, kwa nini zipikwe upya kila saa?

Tukapima tena. Kutoka megabaiti 41 hadi kilobaiti 290. Kwa ule mtandao wa megabiti moja, hizo ni sekunde mbili na kidogo. Nilipiga kelele pale kwenye kimbweta, watu wakageuka.

Ikabaki ile sentensi ya mwisho ya meseji: "Nikikutafuta google hupo."

Rafiki yangu akanieleza hivi. Google hufanya mambo matatu kwa zamu. Kwanza roboti yake inatembea kutoka kiungo hadi kiungo na kusoma kurasa. Pili inaziorodhesha kwenye faharasa. Tatu, mtu akiuliza, ndipo inapanga kipi kitangulie. Ukishindwa hatua ya pili, ya tatu usiiulize. Ni kama kitabu kilichofika maktaba yetu, kikabaki ndani ya boksi hakijaandikwa kwenye katalogi. Kitabu kipo, lakini ukimuuliza mkutubi atakwambia hakipo, na hasemi uongo.

Tukaingia kwenye mipangilio ya WordPress. Kuna kiboksi pale cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Kilikuwa kimewekwa alama ya vema! Yule kijana alikiweka wakati anajenga, na ni jambo la kawaida, hutaki watu waone nyumba haijaezekwa. Alisahau kukitoa, na mimi sikujua kama kipo. Miezi yote ile kila ukurasa wangu ulikuwa na neno dogo, noindex, limefichwa kwenye kodi, linawaambia Google "tafadhali nisahau". Wakatii. Nikakitoa kwa kidole kimoja. Nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja.

Halafu majina. Kila ukurasa una jina linaloonekana kwenye matokeo ya utafutaji kama kichwa cha habari. Kurasa zangu zote ziliitwa "Ukurasa Mpya". Nikaandika kila mmoja jina la somo, mada na kidato, kwa maneno ambayo mwanafunzi mwenyewe angeyaandika. Kila mchoro nikauandikia maelezo ya maneno, yanayomsaidia pia asiyeona ambaye simu yake inamsomea kwa sauti. Kurasa nikaziunganisha, ya chakula inapeleka kwenye ya damu, ya damu kwenye ya moyo. Mwisho nikajiandikisha Search Console, ambayo Google wanaitoa bure, nikawapa ramani ya tovuti, faili linaloorodhesha kurasa zote.

Jamaa mmoja wa hosteli akanishauri nifiche maneno "notsi za baiolojia" mara mia chini kwa rangi nyeupe, ati nitapanda juu. Nikamuuliza rafiki yangu, akasema huo ni ujanja ambao Google wanaukataza na wanaweza kukuondoa kabisa kwenye matokeo. Hata ile orodha ya maneno muhimu inayowekwa kwenye kodi, Google walisema wazi 2009 kwamba hawaitumii kupangia matokeo. Kasi wanaiangalia, kwa kompyuta tangu 2010 na kwa simu tangu 2018, lakini ukurasa mwepesi usio na kitu hautaushinda ukurasa wenye jibu. Nikasema sawa, wala sikuja kushindana na dunia. Nataka watu kama 60 tu wanipate.

Siku ya tisa nikaandika jina la mada na kidato pamoja na jina la tovuti yangu. Nikajiona. Ukitafuta "baiolojia" peke yake mimi sipo hata ukurasa wa kumi, wala sidai. Lakini anayenitafuta ananipata.

Sasa sehemu ngumu. Nikanunua bando la shilingi 500, nikalituma kwenye ile namba, nikamwandikia kaka mtu: "Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu aliyekuwa TP shuleni kwa mdogo wako. Bando lako nililila mimi, tovuti yangu ilikuwa nzito. Binti alikuwa anasoma kweli. Nimeirekebisha, naomba umruhusu ajaribu tena."

Siku mbili kimya. Nikajua nimezidisha. Siku ya tatu akajibu: "Marahaba mwalimu. Nimefungua mwenyewe kwanza. Nimempa."

Jioni ile ile ikaingia nyingine kwa namba hiyo hiyo: "Madam imefunguka! Nimenakili mpaka mwisho na bando bado lipo. Ila kwenye mchoro wa pili umeandika ini kwenye kongosho."

Nikaenda kuangalia. Kweli! Kosa lile lilikuwepo tangu kwenye daftari langu, nikalipiga picha, nikalichora tena, na hakuna aliyeliona kwa sababu hakuna aliyefanikiwa kufungua. Nikalirekebisha usiku ule ule.

Ndugu zangu walimu watarajiwa, darasani tunafundishwa kwamba mwanafunzi wa nyuma asipoona ubao, kosa si la macho yake, andika kwa herufi kubwa. Nami naongezea hili dogo. Kabla hujampa mtu kiungo, zima Wi-Fi ya chuo, nunua bando la 500, ufungue mwenyewe kama mgeni. Uzito wa ukurasa lazima kuna mtu anaulipia, na mara nyingi ni yule mwenye kidogo kuliko wewe.

Ngoja nikachape mada ya figo, Novemba haiko mbali. Mihogo ya rafiki yangu bado naidaiwa. Tuko pamoja wadau, likizo njema!