Thumuni Haizidi Robo



Kila Jumamosi katika madrasa yetu ya Majengo, Pumwani, baada ya Kurani huwafundisha watoto akisami. Baadhi ya wazazi huuliza, sheikh ana nini na hesabu? Huwajibu kwamba Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imezitaja zote: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Al-Khwarizmi naye, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya mirathi.

Mtoto wa Gredi ya 4 akiulizwa ipi kubwa, robo au thumuni, mara nyingi hujibu thumuni, kwa kuwa 8 huizidi 4. Simkemei. Humpa chapati mbili zilizo sawa. Moja aikate vipande vinne, ya pili vinane. Kisha humwuliza: ukiwa na njaa, utachukua kipande kipi? Hapo hufahamu kwamba wagawanaji wakizidi, fungu hupungua.

Ugumu huja kwa thuluthi mbili na robo tatu, maana hapo jicho hudanganya. Basi kila chapati tunaikata vipande 12: thuluthi mbili ni vipande 8, robo tatu ni 9. Vipande vikishakuwa sawa, kilichobaki ni kuhesabu tu. Wanazuoni wa faraidhi hufanya vivyo hivyo: hutafuta kwanza asili moja ya mafungu yote.

Siku moja mwanafunzi wangu alikuja na shangazi yake, mjane. Akasema, "Sheikh, Shangazi hana mtoto. Mbona amepewa thumuni?"

Marehemu aliacha mke, mama na ndugu wawili wanaume, baba mmoja mama mmoja. Baada ya gharama za maziko na madeni zilibaki shilingi 240,000. Mjane alipewa 30,000, akaambiwa ndiyo haki ya mke. Lakini thumuni ni ya mke ambaye mumewe ameacha watoto. Asipoacha, haki yake ni robo. Tukaketi na mashemeji, tukaweka asili 12, kila fungu shilingi 20,000. Mke mafungu 3, yaani 60,000. Mama sudusi, mafungu 2, yaani 40,000. Ndugu mafungu 7 yaliyosalia, yaani 140,000. Walipoiona hesabu walimtimizia. Wangekataa, mahakama ya Kadhi ipo, nayo imetajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010.

Basi mama, ukatapo chapati leo jioni, muulize mwanao ipi kubwa, na kwa nini. Waulize mabinti wapate kuijua haki yao. Waulize na wavulana, kwani aghalabu wao ndio watakaogawa.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika kugawa na kupokea. Amin.