Konde la Moyo

Kiswahili kina msemo ambao watu huutamka bila kuutazama: kupiga moyo konde. Konde hapa ni ngumi. Aliyeshikwa na hofu huupiga moyo wake mwenyewe, kama mtu agongaye mlango wa nyumba yake, ili mwenye kulala ndani azinduke. Lakini konde ni shamba pia, ardhi iliyofyekwa ikalimwa. Mwanaisimu huenda akasema kwamba hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Mshairi hana haraka ya kuyatenganisha.

Kakese, kata ya wakulima katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, maana zote mbili huishi pamoja. Mbegu ya mpunga hutiwa ardhini kabla mtu hajajua mvua itakuwaje, na anayeimwaga amewanyima wanawe chakula cha leo kwa tumaini la mwezi asioujua. Hiyo ni hofu ya kila mwaka, nayo imezoeleka. Zipo zisizozoeleka: homa ya mtoto usiku wa manane, au mnong’ono wa uchawi, ambao katika mikoa ya magharibi mwa Tanzania umewagharimu maisha yao vikongwe wengi wasiokuwa na kosa isipokuwa uzee na macho mekundu ya moshi wa kuni.

Jumapili Mkristo wa Kakese husomewa amri iliyorudiwa mara nyingi mno katika Biblia: asiogope. Ni amri ya ajabu. Mtu aweza kuamriwa asiibe, akazuia mkono wake. Lakini hofu haiji kwa kuitwa wala haiondoki kwa kufukuzwa. Basi atiiye amri hiyo hufanya nini hasa?

Njia moja ya kutafuta jibu ni kufuata nasaba ya kanisa lenyewe. Jimbo Katoliki la Mpanda lilizaliwa mwaka 2000 kutoka jimbo la Sumbawanga, na hilo la Sumbawanga hadi mwaka 1969 liliitwa Karema. Karema iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini. Huko Wabelgiji waliotumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold II walianza kujenga ngome mwaka 1879. Mmoja wa wakuu wake, Kapteni Émile Storms, alivuka ziwa akajenga kituo kingine Mpala, na mwaka 1884 watu wake walimwua Lusinga, mtawala wa ng’ambo hiyo aliyekuwa akishindana naye. Fuvu la marehemu likachukuliwa hadi Ubelgiji. Huo nao ulihesabiwa kuwa ushujaa, na Storms akarudi kwao akiwa mtu wa kuheshimiwa.

Mwaka 1885 vituo hivyo viwili vilikabidhiwa Mapadri Weupe, wana wa shirika la Kardinali Lavigerie. Isidhaniwe kwamba bunduki zilitoweka siku ileile. Zama zilikuwa za rugaruga na misafara ya watumwa. Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alikuwa na makao yake Ujiji na mkono wake ulifika mbali ziwani. Wamisionari nao walikuwa na walinzi wenye silaha. Imani iliyokaa nyuma ya kuta nene haijajulikana bado uzito wake.

Uzito huo ulianza kupimwa mwaka 1889, alipowasili kijana mmoja mweusi, mwenye mkoba wa dawa. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi ya Mto Niger karibu na Timbuktu, akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa. Mapadri Weupe walimkomboa huko Algeria; wakamsomesha, akabatizwa mwaka 1882, akafundishwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Hapo ndipo alipopelekwa Karema, awe tabibu na katekista.

Inafaa kutua hapa. Mtu huyu alikuwa anazijua kamba. Katika nchi zote za dunia, aliyetoka utumwani angekuwa na haki ya kuchagua mahali ambapo neno mtumwa limesahauliwa. Yeye akaenda penye njia ya misafara, akakaa. Akaoa mwanamke wa huko, Agnes Wansabira; mwana wao Joseph akawa padri. Ndui ilipita, malale yakapita, vita vya 1914 vikafika hadi ziwani kwa meli na mizinga, wakoloni wa Kijerumani wakaondoka na wa Kiingereza wakaingia. Atiman alikuwa palepale. Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kuganga vidonda vya watu.

Hakuna sababu ya kuamini kwamba hakuogopa. Tabibu anayemwinamia mgonjwa wa ndui anajua vema kuliko jamaa za mgonjwa kile anachokiinamia. Na dini aliyoifuata haikumtaka ajifanye jiwe: katikati yake kuna usiku wa Gethsemane, ambapo Yesu mwenyewe alishikwa na huzuni na hofu, akaomba kikombe kimwondokee, na rafiki zake wakalala. Hapo ndipo inapoonekana maana ya ile amri. Anayeambiwa asiogope haambiwi kwamba hatari haipo. Anaahidiwa kwamba hataachwa peke yake humo. Na ahadi ya namna hiyo humfikia mgonjwa kwa miguu ya mtu fulani, mwenye mkoba, anayegonga mlango ambao wengine wameukimbia.

Msomaji wa visiwani ana sehemu yake katika habari hii, nzuri na chungu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini bara biashara ile iliendelea kwa miaka mingi, na lugha yake ilikuwa hii hii tunayoiandikia tenzi. Kwa watu wa ziwani Kiswahili kilikuwa kwanza sauti ya msafara unaokaribia. Baadaye kikawa lugha ya sala zao. Hofu, imani, shujaa, jasiri, hata sala yenyewe na msalaba, yote ni maneno yaliyotoka Uarabuni yakapita pwani, vinywani mwa Waislamu, kabla ya kufika kwenye magoti ya Mkonongo na Mbende. Moyo, woga na Mungu ni maneno ya Kibantu tangu awali. Mkristo wa Kakese hawezi kuomba ujasiri bila kuazima kwa jirani yake wa Unguja, na wala haonekani kuona tabu.

Katika mkoa huohuo wa Katavi kuna Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengi wao walikuwa Wakristo, na walijenga makanisa ya miti na nyasi kabla ya kujenga mengi mengine. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa makazi hayo mawili na Ulyankulu, Tabora, waliambiwa kwamba maombi yao ya uraia wa Tanzania yamekubaliwa. Vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Katika miaka hiyo minne hawakuwa wa Burundi wala hawakuwa na karatasi ya Tanzania, na waliambiwa pia kwamba huenda wakahamishwa mikoa mingine. Mvua zikaja kwa wakati wake, na kila nyumba ikalazimika kuamua kama italima konde ambalo huenda wengine wangelivuna.

Wengi walilima.