Tulikwenda Tanga Kutazama Mawe

Sisi akina mama tunasafiri sana, lakini karibu kila safari yetu ina mgonjwa, msiba au harusi ndani yake. Ndiyo maana mwezi wa Julai, wanne kati yetu tulipoaga nyumbani Moshi kwamba tunakwenda Tanga kutembea tu, bwana wa mmoja wetu aliuliza, "Amekufa nani huko?" Alipojibiwa kwamba hajafa mtu, akauliza kama basi ni semina.

Tuliondoka Ijumaa mchana kwa gari dogo la mwenzetu ambaye ni mwalimu wa sekondari, naye ndiye aliyeendesha. Njia hiyo ya Same, Mombo na Korogwe wengi mnaijua: milima ya Upare na ya Usambara inakusindikiza mkono wa kushoto, na mashamba ya mkonge yanakuja mistari kwa mistari hadi macho yanachoka. Tulifika usiku, tukalala nyumba ya wageni.

Jumamosi tulianza na Tongoni, kusini mwa mji kwenye barabara ya Pangani. Habari zake nilikuwa nimezisoma na kuwasimulia wenzangu njia nzima. Palikuwa na mji wa Waswahili wenye msikiti na makaburi ya nguzo, umri wake kama miaka 600. Katika pwani hiyo hiyo, mwaka 1499, Vasco da Gama akirudi kutoka India aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuziendesha meli zote. Tulichokikuta ni kuta za mawe zilizomeguka, na nguzo nyingi zimelala chini. Mabakuli ya Kichina yaliyokuwa yamepachikwa kwenye makaburi hayapo tena, yamebaki mashimo yake. Mwenzetu muuza vitenge alizunguka dakika tano, akarudi kwenye kivuli na kuuliza, "Ndiyo hii?" Lakini neno tongo lenyewe maana yake ni mahali palipohamwa. Hatuwezi kusema hatukuambiwa.

Mchana tukaenda upande wa kaskazini kuona chemchemi ya maji moto ya Galanos, yenye jina la Mgiriki mmoja aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Maji yake yana salfa, na harufu ni ya mayai viza. Watu huyaoga kwa ajili ya ngozi na maumivu ya viungo. Wenzangu wakanitazama mimi muuguzi. Nikawaambia maji ya moto hutuliza viungo kweli, ila upele usiopona upelekwe kliniki. Hakuna aliyevua hata viatu.

Likabaki pango la Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini. Kijana aliyetutembeza alitupa shikamoo ya heshima, akatuomba tuandike majina katika kitabu cha wageni. Watatu tukaandika Mama Fulani na Mama Fulani, kama tulivyozoea. Mwenzetu wa nne akaandika "Mwalimu". Ana miaka 14 katika ndoa, hajajaliwa mtoto. (Ameniruhusu niandike haya, mradi nisimtaje jina.)

Ndani ni giza, joto na popo. Kijana alimulika tochi ukutani: hili sofa, hii meli, huyu mamba. Mamba nilimwona baada ya kuonyeshwa mara mbili. Meli sijaiona hadi leo. Alitusimulia pia kwamba mapango yanafika Mombasa, na kwamba zamani mbwa wa Wazungu wawili waliopotelea humo alitokea Kilimanjaro. Watafiti wa Kijerumani na Kituruki walioyapima mwaka 1994 walihesabu mapango 10, na lililo refu kuliko yote halikufika kilomita moja. Lakini hadithi ya mbwa ilitufurahisha kuliko mamba.

Kisha tukafika mahali pa tambiko. Chini palikuwa na chupa za marashi, vitambaa, sarafu na majivu ya ubani. Kijana akaeleza kwamba akina mama wasiopata watoto huja hapo kuomba kwa mzimu, na wakijaliwa hurudi kushukuru. Muuza vitenge akaanza kukemea kwa sauti ya kanisani, mwangwi ukamrudia.

"Muache, dada," Mwalimu akasema. "Mimi niliwahi kuletwa hapa na mawifi zangu, mwaka wa tatu wa ndoa. Niliacha chupa kama ile."

Hakuna aliyejibu. Kisha akamgeukia kijana. "Na wanaume? Huwa wanakuja kuomba?"

Kijana akacheka kwa haya. "Mara chache, mama. Wanawaleta tu, wanasubiri nje."

Jioni ile hatukutoka tena kutazama kitu. Tulikaa barazani kwa chai hadi saa sita usiku, naye akazungumza mambo ambayo katika miaka 9 ya kukaa benchi moja usharikani hatukuwahi kumwuliza. Amesafishwa kizazi mara mbili. Amekunywa dawa za mizizi asizozijua. Mirija yake imepimwa, ikaonekana iko wazi. Mumewe ni mtu mwema na hajamfukuza, lakini hajapimwa hata siku moja, na ukoo mzima unaona hilo ni sawa.

Katika kazi yangu ninayaona haya kila mwezi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kukosa mtoto wakati fulani wa maisha yake. Katika karibu nusu ya ndoa hizo mwanamume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo chake ni rahisi na hakina maumivu, tofauti na tunavyofanyiwa sisi. Hata hivyo anayekuja kliniki ni mke, akiwa na faili nene, na mume yuko kazini.

Jumapili baada ya ibada tulianza safari ya kurudi. Muheza tulisimama kununua machungwa, tukajaza buti. Wenzetu wawili wakiwa bado wanapatana bei, Mwalimu akainamia dirisha langu.

"Sista, hicho kipimo cha mwanamume, anatakiwa afunge kula?"

Nikamwambia hapana, anakula kama kawaida. Akae tu siku 2 hadi 7 bila kukutana nawe, na waje wawili, asije mmoja. Kwetu wanapima Jumatano asubuhi.

"Jumatano ana nafasi," akasema, akaingia na kuwasha gari.