Safari ya Makongeni kwa Gari la Umeme



Dada yangu mkubwa aliolewa Thika zamani, na makazi yake yako Makongeni, mtaa ulio kando ya barabara iendayo Garissa. Safari hii sikumwendea kwa arusi wala kwa matanga. Nilikwenda kutazama gari.

Mwanangu wa kwanza, hapa Mombasa, anataka kununua gari la umeme lililotumika Japani, alifanyie biashara ya teksi. Fedha alizoziomba ni za mirathi ya marehemu baba yake: fungu langu, na fungu la nduguye wa miaka 9, ambalo liko mikononi mwangu kama amana. Mali ya yatima haitolewi kwa sababu ya shauku ya kijana. Na kwa kuwa mwana wa dada yangu anaendesha Nissan Leaf huko Makongeni, nilisema nitalitazama kwa macho yangu kwanza.

Nilipanda treni ya asubuhi Miritini, na mpwa wangu akanipokea stesheni ya Syokimau. Gari liliondoka kimya hata nikadhani halijawashwa. Ndani ni safi, halina harufu ya mafuta, wala halitikisiki. Nikasema moyoni, mwanangu hakukosea.

“Mama mdogo,” akaniambia, “tutasimama kidogo njiani tutie chaji.”

Akanieleza hesabu. Betri yake ni ile ndogo, ya kilowati-saa 24, na imekwisha kuzeeka. Ikijaa humpeleka kiasi cha kilomita 110. Kutoka Makongeni hadi Syokimau ni kama 60, na kurudi ni 60 nyingine. Basi lazima apate umeme katikati.

Tukaingia kituo kimoja kando ya Barabara Kuu ya Thika. Palikuwa na nguzo mbili, zote zinafanya kazi, wala hapakuwa na foleni. Mpwa wangu akafungua kifuniko puani mwa gari, kisha akafungua buti, akapekua, akashika kichwa. Kebo yake alikuwa amemwazima rafiki siku ya Jumatano, na haikurudishwa.

Hapo ndipo nilipopata somo nililolifuata. Gari hilo lina vinywa viwili. Kimoja ni kidogo, cha mviringo, chenye pini tano, kiitwacho Taipu 1. Hicho hupokea mkondo geu, yaani umeme wa kawaida kama wa nyumbani, na hujaza polepole. Cha pili ni kikubwa, kiitwacho CHAdeMO. Hicho hupokea mkondo mnyoofu uingiao moja kwa moja kwenye betri, na hujaza haraka. Vyote viwili ndivyo vilivyozoewa na magari ya Japani ya namna ile.

Nguzo zile zilijengwa kwa desturi ya Ulaya. Ya kwanza ilikuwa na tundu la Taipu 2, lenye nafasi saba, na haina kebo. Kila dereva huja na yake. Kama kebo ya mpwa wangu ingekuwapo, yenye Taipu 2 upande mmoja na Taipu 1 upande wa pili, tungechaji bila tabu. Nguzo ya pili ilikuwa ya haraka, na kebo yake nene iliishia kwa plagi ya CCS2, ambayo ni Taipu 2 iliyoongezewa pini mbili kubwa chini yake. Hiyo haiingii CHAdeMO. Adapta zake zipo, lakini si waya mtupu: sharti ziwe na mitambo ya kutafsiri mazungumzo baina ya gari na nguzo, na kwa hiyo ni ghali.

Tukawa kama mtu mwenye kiu aliyefika kisimani bila kamba. Umeme tele, na sisi hatuna chetu.

Tulizima kipoza hewa tukaenda taratibu hadi Ruiru, kioo kikituonyesha kilomita 10 tu. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa. Tukaingia msikiti mmoja, na baada ya sala mpwa wangu akamweleza imamu shida yetu. Buti lilikuwa na chaja ndogo ya pini tatu, iingiayo soketi ya ukutani ya Kenya. Imamu akatuonyesha soketi ya nje, akasema, “Chajini, lakini umeme huu ni wa wakfu.” Tukamfahamu. Chaja ile huvuta kama kilowati 2.3 tu; kuanzia Alasiri hadi Magharibi tulipata uniti sita hivi, zinazotosha kufika nyumbani. Kabla ya kuondoka tulitia katika sanduku la msikiti mara mbili ya thamani yake. Nilikaa upande wa wanawake saa mbili na nusu nikiwaza: kama huyu angekuwa mwanangu, na nyuma amekaa abiria anayewahi treni, ingekuwaje?

Tulifika Makongeni gizani. Dada alinipokea kwa chai ya tangawizi, nami nikatoa halua ya Mombasa. Mpwa wangu akashuka uani kuunganisha gari, nami nikamfuata. Ukutani palikuwa na soketi moja yenye waya wake mnene unaotoka kwenye bodi ya umeme, na juu yake mita ndogo.

“Mwanzoni,” dada akaniambia, “alichomeka kwenye soketi ya ngazi, kwa waya wa kuungia. Waya ulipata moto hata plagi ikanuka. Tena ile ni stima ya ua mzima. Wapangaji wote huilipia. Nikamwambia, gari lako halitakula tokeni za jirani.” Ndipo alipozungumza na mwenye nyumba, fundi mwenye leseni akaweka laini yake peke yake, na kila mwezi hulipa kwa kadiri mita inavyosoma. Niliona hapo kwamba dada yangu hakuhitaji kujua pini tano wala saba ili ajue haki ya jirani.

Asubuhi tulitembea mtaani. Barabarani pikipiki za umeme zilipita kati ya zile za petroli. Nyingi za namna hiyo nchini hazichaji njiani. Dereva hutoa betri iliyokwisha akapewa iliyojaa. Lakini hata huko betri ya kampuni moja haiingii pikipiki ya nyingine; Spiro ina yake na Ampersand ina yake, na dereva hufungwa na vituo vya aliyemuuzia. Mjini Thika ndiko kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kilikoanza kuunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo mwaka 2024, baada ya kazi hiyo kufanywa kwetu Mombasa. Mabasi hayo hulala kwenye vituo vilivyoandaliwa kwa ajili yao, basi swali la plagi limekwisha jibiwa kabla gari halijatoka. Mwenye gari moja sharti alijibu mwenyewe.

Tukinywa chai, mpwa wangu alitucheza shere: jina CHAdeMO, alisema, limetungwa lisikike kama maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai wakati gari linachaji. Dada akamjibu, “Basi jana mama yako mdogo hakukaribishwa.”

Sikumrudia mwanangu na jibu la hapana. Nimemwambia fungu la mdogo wake litabaki lilipo. Fungu langu atalipata akiniletea majibu kwa maandishi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Gari hilo lina vinywa gani? Vituo anavyovitegemea Mombasa vina plagi gani, na amevitembelea mwenyewe na kebo mkononi? Betri imebaki na uwezo gani leo, si siku lilipotoka kiwandani? Usiku litachaji wapi, kwa waya wa nani, na nani atalipa? Je, ataweza kupata mita ya pekee kwa bei ya umeme wa magari, ambayo EPRA iliidhinisha mwaka 2023 kuwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 nyakati za usiku, kabla ya kodi na ada nyingine?

Juzi alinipigia simu akiwa Nyali, amesimama mbele ya nguzo ya chaji, ananisomea maandishi yaliyo juu ya tundu lake. Nilichukua kalamu nikayaandika.