Mto Kwanza, Mlima Baadaye

Kazi iliyonilisha utu uzima wangu wote ni kuongoza wageni katika bonde la mto Pangani na milima inayolinywesha: Usambara, Upare, na huko juu kabisa Meru na Kilimanjaro. Nimeongoza watazama ndege wenye darubini shingoni, wanafunzi wa jiografia, na Watanzania wenzangu wanaokimbia joto la Dar es Salaam kwenda kuvuta hewa ya Lushoto. Baadaye nikawa nafundisha vijana wanaotaka kuifanya kazi hiyohiyo. Ningeweza kuijaza tawasifu hii mikasa ya njiani, lakini mikasa ya njiani hufanana kote duniani na haimwelezi msomaji chochote kuhusu mahali. Kilichobaki mikononi mwangu baada ya kazi hii ni msimamo mmoja, nao ndio nitakaoutetea: eneo hili halina vivutio vingi kama vipeperushi vinavyodai. Lina kimoja, nacho ni mto. Jabali la Irente, maporomoko ya Soni, nyumba kuukuu za mji wa Pangani, chemchemi za Chemka, vyote vimeshikana, ama na maji yenyewe ama na njia iliyoyafuata maji hayo. Anayemwonyesha mgeni kimoja na kunyamazia vingine anamuuzia nusu ya bidhaa kwa bei nzima.

Tuanze na Irente, maana ndiko kila mtu anakopelekwa kwanza. Mgeni husimama ukingoni, ardhi imekatika ghafla mbele ya miguu yake kwa karibu mita elfu moja, na nyika ya Wamasai inakwenda hadi macho yachoke. Anapiga picha, anasifu, anageuka. Ni pazuri kweli, sibishi. Lakini mwambie ayateremshe macho kutoka upeo wa mbali hadi tambarare iliyo chini yake. Ataona mistari ya mkonge iliyonyooka, barabara kuu ya Moshi, reli, na kijiji cha Mazinde. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichowekwa pale kwa bahati. Ukuta wa Usambara uko upande mmoja, ukame wa nyika uko upande wa pili, na katikati limelala bonde la Mkomazi, mto unaoingia Pangani. Kwa mtu wa pwani aliyetaka kufika Kilimanjaro, hiyo ndiyo iliyokuwa njia yenye maji. Misafara ya pembe za ndovu ilipita hapo, reli ikafuata misafara, lami ikafuata reli.

Mazinde yenyewe yastahili kutazamwa kwa muda, maana ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Hadi katikati ya karne ya 19 utawala wa Usambara ulikaa mlimani, Vuga, si mbali na Soni ya leo. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa ukoo wa Wakilindi, alipokea kodi kutoka pande zote za mlima, na mvua yenyewe ilihesabiwa kuwa mali yake. Krapf, mmisionari Mjerumani, alipanda Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Burton na Speke, wapelelezi Waingereza, walipanda mwaka 1857. Mgeni aliyetaka kibali alipanda mlima. Kimweri alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekuwa chifu wa Mazinde, alipigana na warithi wa Vuga, akaiteka, kisha akafanya jambo ambalo halieleweki kwa anayetazama mlima peke yake: hakuhamia Vuga. Alimsimika mwanawe huko juu, yeye akabaki chini, penye joto na mbu, kwa sababu bunduki, nguo na pembe za ndovu zilipita chini. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy ameyaandika mengi ya mambo hayo katika *Habari za Wakilindi*, kwa Kiswahili, na kila kijana niliyemfundisha kazi hii nilimtaka akisome kitabu hicho kabla hajashika kipeperushi chochote. Basi kinachoonekana kutoka Irente ni mahali ambapo nguvu ziliteremka kutoka mlimani kwenda njiani. Picha ya mgeni inabeba habari hiyo yote, ila hakuna aliyemwambia.

Nguvu hizo zilitoka wapi? Zilitoka mlango wa mto. Mji wa Pangani ulikuwa tundu ambalo pembe na watumwa wa bara walitokea, na ambalo bidhaa za ng'ambo ziliingilia. Kando ya mto, juu kidogo ya mji, yalikuwapo mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na mwenye shamba mojawapo alikuwa Abushiri bin Salim. Mwaka 1888, maofisa wa kampuni ya Kijerumani walipokuja kupandisha bendera yao na kujitwalia ushuru, pwani ilisimama, na Abushiri akawa kiongozi wake aliyejulikana zaidi. Alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwongozaji akiishia hapo, mgeni ataondoka na shujaa aliyesimama hewani, hana shamba wala watumwa, wala mto uliomtajirisha. Mimi nimeona ni heshima zaidi kuyasema yote mawili: kwamba alipigana na wavamizi, na kwamba alichokipigania kilikuwa pamoja na utajiri uliotokana na jasho la watu wasiolipwa.

Mkonge ndio ukurasa unaofuata, na watu hupita katikati yake ndani ya basi bila kuuona. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, ikasogea polepole kuelekea Moshi, na mashamba yakaifuata. Atakayeingia kwenye korona, mtambo wa kukwangua mkonge, atajua kwa nini mto ulihitajika: jani la mkonge likishapondwa na kukwanguliwa, singa zinazobaki ni kama sehemu nne au tano tu katika mia, vyote vingine ni maji na mabaki ya kijani yenye harufu kali, na maji mengi zaidi hutumika kuyasukuma yatoke. Singa huoshwa, huanikwa juani juu ya waya, huchanwa kwa mashine, hufungwa robota. Nani alifanya kazi hiyo? Wasambaa walikuwa na mashamba yao mlimani na hawakuona sababu ya kushuka, ndiyo maana mwaka 1907 Wajerumani waliwabebesha kadi za kuthibitisha kwamba wamewafanyia masetla kazi ya siku 30 katika kila miezi minne. Haikutosha. Wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali, na wajukuu wao ndio leo wanaojaza miji ya Korogwe na Muheza. Sura za watu wa bonde hili, majina yao, hata vyakula vyao, huwezi kuvieleza kwa kutazama milima.

Hapo ndipo ninapopingwa, na walionipinga hawakuwa wajinga. Wa kwanza husema: wageni wengi wanakuja kwa ajili ya maumbile, si kwa ajili ya makuli na machifu. Milima hii ina viumbe visivyopatikana popote pengine. Ua la zambarau linalouzwa katika vyungu vidogo Ulaya nzima, Saintpaulia, limepewa jina la ofisa wa Tanga aliyelipeleka Ujerumani mwaka 1892. Nakubali. Lakini maumbile hayo hayako peke yake. Nenda Amani, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakaleta miti ya kila bara. Miongoni mwa miti iliyopandwa huko upo Maesopsis, ambao umetoka shambani ukaingia msituni, na leo mgeni huusifu kuwa msitu wa asili. Nenda Mlalo, ambako Waingereza kuanzia mwaka 1946 waliwalazimisha wakulima kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu walikataa, na mpango ukafa mwaka 1957. Mteremko unaopigwa picha kwa uzuri wake ni uwanja wa ugomvi huo. Mpenda ndege hapungukiwi na kitu akiambiwa kwa nini msitu unaishia pale unapoishia.

Amani, hata hivyo, inanipinga kwa njia nyingine iliyo kali zaidi, na ni haki niitaje. Maji ya Amani hayaendi Pangani. Yanashuka kwa mto Sigi hadi Tanga, na jiji la Tanga linayanywa. Ukiwa mkali wa mipaka, kivutio kikubwa cha Usambara Mashariki kiko nje ya hoja yangu. Sina jibu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba upande wa magharibi wa milima hiyohiyo unamwaga maji katika bonde la Luengera, ambalo linaingia Pangani karibu na Korogwe, na kwamba kituo cha Amani kiliwekwa pale kuyahudumia mashamba ambayo mengi yalikuwa bondeni na kando ya reli. Mgeni wa Amani nitamwonyesha mito miwili badala ya mmoja. Hoja imepunguka upana, haijavunjika.

Wengine husema mabwawa na mitambo ya umeme si mandhari. Kwangu mimi hayo ndiyo yanayoeleza vizuri kuliko yote mto huu ni wa nani. Mto Kikuletwa, unaotoka Meru na Kilimanjaro, hukutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, na kuanzia hapo maji hayaendi kwa hiari yake. Huachiwa kwa kipimo ili yafike kwenye mitambo iliyo chini. Mtambo wa Hale ulifunguliwa mwaka 1964 ukiwa na megawati 21, mtambo mpya wa Pangani mwaka 1995 ukiwa na megawati 68. Anayefika kwenye maporomoko ya Pangani wakati wa kiangazi akakuta jabali kavu na uzi wa maji amekuta umeme wa nyumba yake. Upande wa juu, mkulima wa Upare ana ndiva: bwawa dogo la udongo na mawe linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi mdomo wake unazibuliwa, mfereji unashuka shambani, na zamu ya kila mtu inajulikana. Upande wa chini kabisa, mto ukipungua, bahari inapanda, na chumvi inaingia kwenye minazi na mashamba ya watu wa Pangani. Mwenye ndiva, mwenye mtambo na mwenye mnazi wanagombea maji yaleyale bila kuonana. Nisingependa mgeni apite katikati ya ugomvi mkubwa namna hiyo akidhani amepita kwenye bustani.

Kuna pia hoja ya muda, na hoja ya mwelekeo. Mwenye siku mbili hawezi kufuata mto wa kilomita 500 hivi, na anayetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro anaanzia juu, si baharini. La mwelekeo nimelilegeza: anayeteremka huona habari ya maji, anayepanda huona habari ya watu, na zote mbili ni za kweli. Kama ni mimi wa kuchagua, ningepanda. La muda sikulilegeza. Mwenye siku moja tu asipelekwe Lushoto moja kwa moja. Ashuke Mazinde asubuhi kabla jua halijakaza, atembee kati ya mkonge, aione reli, aoneshwe ukuta wa mlima kutoka chini kama walivyouona wapagazi. Kisha apande kwa barabara ya Mombo, asimame Soni, aoneshwe upande wa Vuga, na Irente iwe ya mwisho, jioni. Atasimama palepale anaposimama kila mtu, lakini kila mstari ulio chini atautambua.

Vuga ni tatizo, sitaficha. Hakuna jengo la kuonyesha, na makampuni ya utalii huniambia kila mara kwamba mgeni halipi kutazama mgomba. Nimewajibu kwamba hata Mazinde hakuna jengo kubwa, na kwamba mgeni aliyeeleweshwa hulipa. Kilichobaki ni wao kuacha kuandika Irente peke yake kwenye ratiba, na halmashauri za Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Pangani, ambazo kila moja inachapisha orodha yake kana kwamba mto unaishia mpakani mwake, zikubali kuchapisha ramani moja.