Doa la Wino

Mwanangu alimwaga wino juu ya shati lake jeupe la pamba, nami nikamkemea kwa ukali hata akalia. Mama yake hakusema neno. Alileta nyuzi na rangi. Akalilowesha shati katika maji ya magadi soda, akalikamua. Kisha mtoto akalifunga vifundo vifundo na kukaza nyuzi, maana palipokazwa sana rangi haipenyi, hubaki peupe. Doa waliliacha nje ya nyuzi, ili buluu iliyokoza ilifunike. Wakalimiminia rangi, wakalifunika lisikauke.

Usiku nalitaka kulifungua nitazame. Mtoto akaniambia, "Baba, mama asema tungoje hata asubuhi, rangi ishike."

Neno lile lilinichoma. Rangi yangojewa usiku kucha, bali hasira yangu haikungoja hata kuuliza wino ulimwagikaje.

Asubuhi walilisuuza kwa maji baridi hata yakatoka safi, wakakata nyuzi. Ikaonekana miviringo myeupe, na doa halikuonekana tena. Ndipo nikamwomba mwanangu radhi. Basi, wazazi wenzangu, na tujifunze kungoja.